Dirisha lako ni kubwa kuliko ukuta wetu

Wadau, leo nina neno na madevelopa. Si wale wa Marekani wala India. Nyinyi wa hapa hapa Kilifi, Mtwapa na Mombasa, mnaowaandikia watu programu za duka, za kliniki, za chama. Neno lenyewe linahusu mstari mmoja tu wa msimbo, ule mnaouandika mwanzo mwanzo kabla hata kitufe cha kwanza hakijawekwa: mstari wa kuliambia dirisha liwe kubwa kiasi gani na likae wapi kwenye skrini.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. "Hiyo nayo ni mada?" Ni mada, bwana. Mstari huo ulikaribia kumharibia jina mama mmoja hapa kwetu Junju.

Kuna kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Si kitu kigeni, kila kijiji kina chake. Wanakutana kila wiki, mtu anatoa hisa zake, mwingine anakopa, mwingine anarudisha, mwisho wa mwaka wanagawana. Miaka yote hesabu zilikuwa kwenye kaunta buku. Halafu wakapata laptopu ya mtumba kutoka Mombasa, ex-UK, inchi 14, na kijana mmoja (jina tuliache) akawauzia programu ya kuweka hesabu. Kwa kuiangalia tu ni programu nzuri. Ina rangi, ina jina la kikundi juu, yote kwa Kiswahili. Mwekahazina akafurahi, akaambiwa kaunta buku sasa aipumzishe.

Mkutano wa tatu programu inafunguliwa, na hesabu za mikutano miwili iliyopita hazimo. Hakuna hisa, hakuna mkopo, hakuna faini. Sasa fikiria wewe ndo mwekahazina. Pesa umeshika wewe, kuandika umeandika wewe, na mbele ya wanawake zaidi ya ishirini mashine inasema hujaandika kitu. Mmoja anasema alitoa 500, mwingine anasema huyo hakutoa, alikopa. Waliketi jioni tatu chini ya mwembe wakifufua hesabu kwa kumbukumbu na kwa meseji za M-Pesa. Pesa zilipatikana zote, hadi shilingi ya mwisho. Lakini kuna maneno yalisemwa pale ambayo hayarudi mdomoni.

Akaniita. Watu wa hapa wakisikia unapost mambo ya kompyuta basi wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii kitu. Naandika vizuri kabisa, lakini ikilala haiamki nayo."

"Mama, ukimaliza kuandika unabonyeza Hifadhi?"

"Hifadhi gani?"

Nikaangalia skrini. Kweli, hakuna Hifadhi. Kuna jina la mwanachama, kuna hisa, kuna mkopo, kuna tarehe, halafu kuna ule upau wa Windows wenye saa. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa chini ya upau, chini ya skrini, huko ambako hata mausi haifiki. Mama alikuwa anaandika, anafunga, anaenda zake kupika. Na programu yenyewe ikifungwa haiulizi chochote, inakufa kimya kimya, jambo ambalo ni kosa lingine lakini tuliache kwa leo. "Kwenye simu nikiandika ujumbe nikatoka, nikirudi naukuta," akaniambia. Yuko sawa. Yeye alifanya alichofundishwa na kila kifaa kingine alichowahi kushika.

Programu ilikuwa folda ya Python, wazi, kwa hiyo nikaifungua nikasoma. Imeandikwa kwa Tkinter, na mstari wa nne ndio huu:

root.geometry("1000x700+460+190")

Kwa wasioandika programu, huo mstari ni rahisi sana kuusoma. 1000 ni upana, 700 ni kimo. Hizo namba mbili za mwisho ni mahali: pikseli 460 kutoka ukingo wa kushoto wa skrini, na 190 kutoka ukingo wa juu. Kwenye grafu tulizochora shuleni namba zinaanzia chini na kupanda. Kwenye skrini ni kinyume, sifuri iko kona ya juu kushoto na kadiri namba inavyokua ndivyo unavyoshuka chini. Ukiweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha, Tk inapima kutoka ukingo wa kulia au wa chini. Basi, ndo lugha yenyewe hiyo.

Sasa hizo 460 na 190 zimetoka wapi? Chukua skrini ya 1920 kwa 1080. Toa 1000 kwenye 1920, gawa kwa mbili: 460. Toa 700 kwenye 1080, gawa kwa mbili: 190. Kumbe! Kijana alipiga hesabu sahihi kabisa ya kuliweka dirisha katikati. Katikati ya skrini yake yeye. Hiyo skrini iko mezani kwake, haipo Junju.

Laptopu ya kikundi ni 1366 kwa 768, kama nyingi za mtumba za umri huo. Hapo tayari dirisha linaanza 460, linataka kufika 1460, na skrini imeisha 1366. Kwenda chini linaanza 190, linataka kufika 890, na skrini imeisha 768. Na bado hatujahesabu vitu viwili. Ule upau wa chini wa Windows unakula pikseli 40. Na kichwa cha dirisha, pale penye jina na alama ya X, kinakula kama 30 hivi, tena hakihesabiki ndani ya ile 700. Wengi hawalijui hili: kwenye Tk namba za ukubwa ni za ndani ya dirisha tu, fremu inaongezwa juu yake. Qt nayo ina utata wake, manake setGeometry inahesabu bila fremu na move inahesabu pamoja na fremu, na wana picha nzima kwenye maelezo yao ya kuonyesha tofauti.

Lakini subiri, jambo lenyewe hasa ni hili. Mama ana miaka yake, na macho yana miaka yake pia. Mpwa wake alikuwa amemwekea maandishi makubwa, ile asilimia 125 ya kwenye mipangilio ya Windows. Ukifanya hivyo, Windows inaiambia programu isiyojua mambo ya ukuzaji kwamba skrini imepungua. Gawa 768 kwa 1.25 upate 614. Gawa 1366 upate 1093. Kwa hiyo dirisha lililochorwa kwa ajili ya kimo cha 1080 limeletwa kwenye kimo cha 614. Toa 40 za upau, toa mwanzo wa 190, toa 30 za kichwa: zinabaki 354 kati ya 700. Nusu ya programu. Na upande wa kulia nao umekatwa.

Na unajua Mama alifanya nini? Alishajifunza. Kila akiifungua, analishika dirisha kwa kichwa, analivuta juu, analisogeza kushoto mpaka limegusa kona. Nikamuuliza mbona hivyo, akanijibu ndivyo inavyofunguliwa. Aliona ni hatua mojawapo ya programu, kama kuingiza ufunguo. Hata baada ya kulivuta bado pikseli 156 za chini zilikuwa hazionekani, na Hifadhi ilikuwa humo. Kulipunguza dirisha hawezi, kulikuza hawezi, kwa sababu mstari wa tano ulikuwa resizable, umewekwa hapana kwa upana na hapana kwa kimo. Yaani kijana kalipiga dirisha misumari pande zote nne.

Nikampigia simu, kwa heshima. Akanijibu lile jibu mnalolijua: "Kwangu inafanya kazi."

Si mtu mbaya, na sitaki mtu aende kumtafuta. Nataka kuuliza tu, tulijifunzia wapi tabia hii? Mimi nadhani inatoka kwenye zile programu za kuvuta na kubandika. Wengi wetu tulionja kutengeneza madirisha kwa Visual Basic, shuleni au kwenye vyuo vidogo vya mjini. Unafungua fomu, unachukua kitufe, unakivuta, unakibandika pale jicho linapopenda. Kinakaa hapo hapo milele. Ukilikuza dirisha, kitufe hakisogei. Visual Basic ya kisasa ina Anchor na Dock za kukifunga kitufe kwenye ukingo, lakini ni walimu wangapi wanafika huko kabla ya mtihani? Mtu anatoka anaamini dirisha ni picha, na kazi yake ni kuchora. Halafu akija Tkinter anatafuta ile ile hali na anaipata: place, unataja x na y ya kila kitu.

Nenda Mtwapa kando ya barabara kwa wale mafundi wa grili na madirisha ya chuma. Mwambie akutengenezee dirisha. Kitu cha kwanza atakachokuuliza ni vipimo vya tundu lako. Kama huna, atapanda boda aje kupima mwenyewe, na ukikataa kumlipa nauli atakuambia utafute fundi mwingine. Hakuna fundi anayepima ukuta wa sebule yake mwenyewe halafu akuletee dirisha Junju akisema kwake linaingia. Sisi wa kompyuta ndo tunafanya hivyo kila siku na tunalipwa.

Kinachoniuma ni kwamba hiki kitu kilishatatuliwa zamani. Tk ilianzishwa na John Ousterhout kule Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Na mwenendo wake wa kawaida, usipoandika chochote kuhusu ukubwa, ni huu: dirisha linauliza vilivyomo ndani vinahitaji nafasi gani, linajikunja au kujitanua kulingana navyo. Lebo ndefu, dirisha linatanuka. Maandishi makubwa, dirisha linaongezeka. Inaacha kufanya hivyo pale tu wewe unapoingilia na geometry yako, au mtumiaji anapolivuta kwa mkono. Ina maana kijana wetu aliongeza mstari wa kuharibu kitu kilichokuwa kinajiendesha. Java nayo kwenye Swing ina pack ya kufanya kazi hiyo, Qt ina layout zake. Zote zina wazo moja: usiliamrishe dirisha, liulize.

Tena hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine. Kiingereza kina maneno mafupi ya vitufe. Wao "Save", sisi "Hifadhi". Wao "Settings", sisi "Mipangilio". Wao "Date of birth", sisi "Tarehe ya kuzaliwa". Ukipanga vitufe kwa pikseli ukitumia Kiingereza, halafu ukaja kutafsiri, utakuta "Mipangi" na "Tarehe ya kuz". Nimeziona nyingi hizo. Kuna watu walitutolea jasho kwenye Kiswahili cha kompyuta, kwa mfano wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Maneno tunayo. Ni aibu kuyakata kichwa kwa sababu ya kitufe cha pikseli 60.

Haya, nilifanya nini kwenye ile programu? Wanaoandika wasome hapa taratibu, wengine rukeni aya mbili.

Kwanza nikafuta ule mstari wa nne na wa tano. Halafu nikapanga upya. Kwenye Tkinter ukitumia pack kuna siri ambayo haisemwi sana: nafasi inagawiwa kwa foleni. Aliyepangwa kwanza anapata kwanza, wa mwisho anabaki na makombo. Dirisha likiwa dogo kuliko mahitaji, anayetoweka wa kwanza ni yule uliyempanga mwisho. Na sisi sote vitufe tunavipanga mwisho kwa sababu viko chini! Kwa hiyo Hifadhi ndiyo inakuwa ya kwanza kufa. Dawa yake ni kuipanga fremu ya vitufe mwanzo kabisa, ukiipa side="bottom", halafu ndipo upange mambo mengine juu yake na kuyaruhusu yatanuke. Kwa macho hakuna kilichobadilika, vitufe bado viko chini. Lakini sasa nafasi ikiwa finyu, kinachobanwa ni ile orodha ndefu ya wanachama, na orodha ina mwambaa wa kusogeza pembeni, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kama fomu yenyewe ni ndefu, itie ndani ya Canvas yenye mwambaa, manake Tk haina fremu inayosogea yenyewe. Ni kero, najua.

Pili, kuliweka katikati. Kama lazima. Itisha update_idletasks kwanza, halafu uliza winfo_reqwidth na winfo_reqheight ujue dirisha linataka nafasi gani, na winfo_screenwidth na winfo_screenheight ujue skrini ni kubwa kiasi gani. Ukiuliza winfo_width mapema kabla dirisha halijachorwa, utajibiwa 1, na utakaa usiku kucha ukijiuliza mbona katikati si katikati. Na kumbuka winfo_screenheight inakupa skrini nzima pamoja na ule upau wa chini, kwa hiyo usijaze yote. Weka minsize ili mtu asilibane mpaka likawa halina maana, lakini minsize iwe ndogo, iingie kwenye 614 ile. Kama programu ndiyo kitu pekee kinachofunguliwa kwenye mashine, kwenye Windows unaweza kuliambia state liwe "zoomed" na Windows yenyewe italitandaza bila kuufunika upau. Yote hayo kwangu yalichukua muda wa kunywa mahamri na chai, na chai yenyewe haikupoa.

Kwa nyinyi msioandika programu, na umekutana na dirisha la namna hii leo, na aliyeliandika hapokei simu. Ukimaliza kujaza sehemu ya mwisho, piga Tab. Mara nyingi hapo umeshafika kwenye kitufe usichokiona. Bonyeza ule upau mrefu wa nafasi kwenye kibodi, kitabonyezeka. Kama dirisha limefunguka nje ya skrini kabisa, bonyeza Alt na upau wa nafasi kwa pamoja, kisha herufi M, kisha mshale mmoja wowote, halafu sogeza mausi: dirisha litafuata mausi mpaka ndani. Na ule upau wa chini unaweza kuuambia ujifiche, utapata pikseli zako 40. Wanaotumia Linux ya XFCE, shikilia Alt ukilivuta dirisha popote katikati, litapanda hata juu ya skrini. Hizi ni hila tu. Mtu hapaswi kujua hila ili aandike hisa za 200.

Kuna ugonjwa mwingine wa jamii hiyo hiyo, nao unatoka kwenye nia njema. Programu inayokumbuka mahali ilipofungwa. Umeiunganisha laptopu na projekta kwenye ukumbi, ukalivuta dirisha upande wa projekta, ukafunga. Programu ikaandika: nilikuwa +1500+100. Kesho yake uko nyumbani, projekta haipo, unafungua programu. Inafunguka kwa utiifu kabisa kwenye 1500, ambapo sai hakuna skrini. Unaiona chini kwenye upau kwamba iko wazi, lakini haipo. Mtu anaifungua mara tano, anaamini imeingia virusi. Kukumbuka ni kuzuri, lakini kabla ya kulirudisha dirisha mahali pake pa zamani, angalia kama mahali hapo bado papo.

Wenzetu wa Linux wamelichukua hili mbali zaidi. Kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha, programu ya kawaida hairuhusiwi kabisa kusema "niweke hapa". Inaweza kuomba ukubwa, lakini mahali panaamuliwa na mfumo na mtumiaji. Na GTK 4, iliyotoka mwisho wa mwaka 2020, ikaiondoa gtk_window_move moja kwa moja. Madevelopa wengi walilia, na wengine wana haki ya kulia: mtu mwenye mashine ya dukani yenye skrini mbili, moja ya muuzaji na moja inayomtazama mteja, anahitaji kujua kila dirisha linaenda wapi. Lakini mimi, ukiniuliza, niko upande wa Wayland. Skrini ni ya aliyeinunua. Wewe ni mgeni umekaribishwa ndani, mwenye nyumba ndiye anayekuonyesha pa kukaa.

Sasa najua majibu yanayokuja, manake nimeshayapata ana kwa ana. La kwanza: watu wanunue mashine za kisasa. Hilo silijibu sana. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli karibu mara mbili ya zile za 1366 kwa 768, na huku kwetu hiyo ni tofauti ya pesa ambazo kikundi kingemkopesha mtu akafungua kibanda. Tena hata hiyo laptopu mpya ya bei, Windows yenyewe mara nyingi inakuja imeshawekwa 125 au 150, kwa hiyo usifikiri umepona. La pili: siku hizi ni simu, madirisha ya kompyuta yamekwisha. Nenda zahanati yoyote, nenda hardware yoyote kubwa, nenda ofisi ya shule, uangalie ni nini kiko juu ya meza. La tatu, nalo lina uzito kidogo: mteja anataka ipendeze, na dirisha lisilobadilika linapendeza kuliko lile linalonyumbuka vibaya. Ni kweli kwamba mpangilio unaonyumbuka ni kazi, unahitaji kufikiri ni kipi kitanuke na kipi kibaki. Kwenye grid unaipa weight safu moja inayostahili, si zote, la sivyo unapata vitufe vyenye upana wa mkeka. Lakini kusema ni kazi si kusema haiwezekani, na mteja hakukulipa kwa picha.

Kitu kimoja sitakubaliana nacho ni wanaosema Mama angeuliza. Aulize nini? Mtu hawezi kuuliza kuhusu kitufe ambacho hajawahi kukiona. Programu haikumwambia kuna kosa, haikupiga kelele, haikuandika nyekundu popote. Ilikubali majina yake yote na kuyameza.

Sasa anaitumia tena. Kaunta buku nayo imerudi, anaandika kote kuwili, na mimi sijamwambia aache. Nilipompelekea ile mpya aliifungua, akalishika dirisha kwa kichwa akaanza kulivuta juu kushoto, mkono umeshazoea. Likagota, manake lilikuwa tayari limekaa pake. Akacheka.

Kama una programu umemwandikia mtu, fanya hivi usiku wa leo, dakika kumi zinatosha. Bonyeza kulia kwenye skrini yako, ingia kwenye mipangilio ya onyesho, weka 1366 kwa 768, halafu maandishi asilimia 125. Fungua programu yako bila kugusa mausi. Tafuta kitufe cha Hifadhi. Usipokiona, mpigie mteja wako kabla ya mkutano wao unaofuata.